Maswali yenu madansa: kazi mpya inajengwaje

Safari hii maswali mengi yametoka kwa madansa wachanga, wengine wamepita shule za dansi, wengine wametokea mtaani kwenye singeli na hip hop, ila wote wanataka kitu kimoja, kuacha kucheza kwenye kazi za dansi za watu tu na kutengeneza za kwao. Kazi yangu mimi ni kukaa pembeni ya ukumbi kuangalia kazi za wengine zikijengwa kuanzia mazoezi ya kwanza mpaka taa zinawaka, kwa hiyo nawajibu kwa yale ninayoyaona huko. Twende.

Nimemaliza mafunzo ya dansi ya miaka mitatu na nimecheza kwenye kazi za watu wengi. Sasa nataka yangu, ila kila nikiingia mazoezini najikuta narudia hatua za walimu wangu. Naanzaje? (Temeke)

Hongera kwanza kwa kumaliza. Hizo hatua za walimu zisikutishe, mwili wako umekaa nazo miaka mitatu, lazima zitoke za kwanza. Ila ukitaka kuzivuka usianze na hatua kabisa, anza na kitu ulichokiona ambacho hakikutoki kichwani.

Kuna kijana mmoja nilikuwa naangalia mazoezi yake, mama yake anauza samaki, kila alfajiri anatoka soko la samaki la Feri na beseni kichwani. Yule kijana alichokuwa anatafuta ni mwendo wa mama yake tu, hakuna muziki, hakuna mapambo, anatembea toka ukuta huu mpaka ule na beseni la maji kichwani, shingo imetulia kabisa lakini magoti ndo yanafanya kazi yote kule chini, na vidole vya miguu vinaing'ang'ania sakafu kila anapogeuka. Akarudia, akarudia, mpaka shati likalowa. Halafu akaliweka beseni chini akaendelea kutembea, na shingo ikabaki vilevile, imebeba. Sote mle ndani tukauona mzigo ambao haupo, na hakuna mwalimu aliyemfundisha kitu kile.

Kwa hiyo wewe pia zima muziki, shika tendo moja, lirudie hata ukilichoka endelea kulirudia, simu iwe kona inarekodi, na jioni andika kwenye daftari kile ulichokiona kwenye video, sio kile ulichotaka kukiona. Muziki utaingia baadaye, maana ukianza na wimbo mkali wa mtu, wimbo ndo utakupangia kazi.

Bibi yangu kule Mtwara ni kungwi, na mimi mwenyewe nilichezwa unyago. Nataka kutengeneza solo, dansi ya mtu mmoja, kuhusu siku zile, lakini mama ameniambia nikithubutu kupeleka mambo ya ndani jukwaani asinione tena. Niache? (dada, Dar)

Usiache, ila usiingie jukwaani kabla hujapanda basi ukaenda kukaa na bibi. Nasema hivi kwa uzito kabisa dada yangu, kwa sababu nimeona kazi nzuri zikivunja familia kwa vile tu mtu alianza na fomu ya mfadhili akamalizia na bibi, badala ya kuanza na bibi.

Sasa tutenganishe mambo. Kuna yaliyo ya ndani, nyimbo na mafundisho ambayo mwali anapewa na kuambiwa hapa hapa yaishie. Hayo si yako peke yako, ni ya wanawake wote waliopita mle, na wewe ulikubali kuyatunza, basi yatunze. Halafu kuna ya nje, ile siku mwali anatolewa, watu wanacheza uwanjani na kila mtu anaona, watoto wanaona, wageni wanaona. Na kuna ya tatu, ambayo naona ndo solo yako iliko, nayo ni yale yaliyopita kwenye mwili wako wewe. Kule kukaa kimya macho chini, joto la chumba, miguu kufa ganzi, halafu ghafla unatolewa kwenye mwanga na macho yote yako kwako. Hayo huibi kwa mtu, na unaweza kutengeneza kazi nzima bila kuimba hata mstari mmoja wa ndani.

Wala hutakuwa wa kwanza kuijenga dansi kutoka kwa bibi. Mtunzi wa dansi Germaine Acogny, ambaye mwaka 1998 alianzisha shule ya École des Sables pale Toubab Dialaw, Senegal, mtindo wake mwenyewe ameujenga kwa kuchanganya ngoma za Afrika Magharibi na mafunzo ya kizungu aliyopata, na kila siku anamtaja bibi yake aliyekuwa kuhani wa Kiyoruba kama chanzo. Mtunzi mwingine, Faustin Linyekula wa Kongo, naye, kwenye solo yake ya 2011 inayoitwa Le Cargo, anarudi kwenye kijiji cha utoto wake, Obilo, kuzitafuta ngoma za kule, na anakwambia waziwazi yale asiyoweza kuyapata tena. Hicho kitu cha kutopata kimekuwa sehemu ya kazi. Na wewe pale bibi atakaposema hapa hapana, hiyo hapana yake inaweza kuwa ndani ya solo, mwili unafika sehemu unasimama, unageuka, unafunga.

Jiandae pia kwa watu watakaokusukuma. Kuna waandaaji wakisikia unyago macho yanawaka, wanataka uonyeshe zaidi, uvue zaidi, uimbe zaidi. Una haki ya kukataa na usione aibu. Na bibi yako akikupa kitu, mwambie kinakwenda wapi na nani watakiona, muulize kama anataka jina lake litajwe, na ukilipwa na yeye apate chake. Mama mpeleke mazoezini akaone mwenyewe kabla ya mtu mwingine yeyote, nadhani woga wake ni wa kitu asichokiona.

Sina studio. Nafanyia mazoezi kwenye baraza la sementi, magoti na mifupa ya mbele ya miguu inauma mno. (Mwanza)

Sementi hainepi hata kidogo, nguvu yote unayoipeleka chini unaipokea mwenyewe kwenye mifupa. Kwa hiyo kwenye sementi kuruka hapana, kabisa, fanyia pale kazi za sakafuni ukiwa na suruali ndefu na soksi nene, fanya kazi za mikono na mgongo, za kutembea, na miruko iwekee akiba siku ukipata mbao. Mbao zipo kuliko watu wanavyodhani, kumbi za shule nyingi na za makanisa zina jukwaa la mbao linalokaa tupu katikati ya wiki, nenda na barua fupi ya heshima na ahadi ya kufundisha watoto wao saa moja kwa wiki, wengi wanakubali. Ukija Dar kuna Nafasi Art Space pale Mikocheni, ipo tangu 2008, wasanii wa aina zote wanakutana pale. Na hayo maumivu ya mfupa wa mbele kama yanakuwepo hata ukiwa umelala, pumzika na umuone mtaalamu wa viungo, usicheze juu yake.

Solo ya kwanza iwe dakika ngapi? (Arusha)

Kumi mpaka ishirini. Ukiwa na nusu saa mkononi, kata.

Niliionyesha kazi yangu ikiwa haijaisha, watu wakakaa kimya, mwingine akasema hajaelewa kitu. Nimevunjika moyo, nilitaka niipeleke kwenye tamasha mwezi ujao. (Bagamoyo)

Pole mdogo wangu. Ila ulichofanya ndo sahihi kabisa, na ningependa ukifanye tena mara nyingi kabla ya tamasha lolote. Tatizo kubwa ninaloliona kwa madansa wetu wachanga wala sio kipaji, vipaji vimejaa, ni kwamba kazi inatengenezwa wiki mbili kwa ajili ya tarehe fulani, inachezwa usiku mmoja, watu wanapiga makofi, halafu inakufa na mtu anaanza nyingine. Hakuna iliyoiva. Kazi ya dansi inataka miezi, inataka ulale nayo uiache urudi, inataka ichezwe mbele ya watu tofauti na ibadilike kila mara.

Ukionyesha tena usiwaulize kama wameelewa, hilo swali linawafanya wajisikie wako kwenye mtihani. Waulize wameona nini, wapi walitaka kuendelea kuangalia, wapi walianza kuwaza mambo ya nyumbani. Andika majibu yote bila kujitetea, kaa kimya hata kama inauma. Waalike na wasio wa dansi, mama ntilie wa pale nje, bodaboda, mwalimu, hawa watakwambia ukweli wa jinsi mwili wako unavyosomeka kuliko madansa wenzio ambao wanaangalia umenyanyua mguu kiasi gani. Halafu tafuta mtu mmoja unayemwamini awe jicho lako la nje tangu mwanzo mpaka mwisho, aje mazoezini mara kwa mara, maana wewe ukiwa ndani huwezi kujiona. Mwezi ujao kama haijaiva, waandikie tamasha uombe nafasi ya kuonyesha kama kazi inayoendelea, ni kitu cha kawaida kabisa.

Sasa hii dansi ya kisasa si ni ya wazungu tu? Babangu anasema tunapoteza wakati. (Nairobi)

Mwambie mzee, kwa heshima, kwamba pale pale Nairobi mwaka 1996 Opiyo Okach, Faustin Linyekula na Afrah Tenambergen walianzisha kampuni ya dansi ya Gàara, na kazi yao Cleansing ikashinda tuzo Luanda, Angola, mwaka 1998 kwenye mashindano ya koriografia, yaani utunzi wa dansi, ya Afrika. Linyekula mwaka 2001 akaanzisha kituo chake cha sanaa, Studios Kabako, Kinshasa, baadaye akaihamishia Kisangani, na yuko kule mpaka leo na vijana wa kule. Hii ni historia ya hapa kwetu, ina karibu miaka 30. Lakini mzee wako nadhani anauliza pia utakula nini, na hapo ana haki, wengi wa hao wachanga ninaowaona wanafundisha watoto, wanacheza kwenye harusi na video za muziki, na kazi yao wanaijenga pembeni polepole. Mwambie hivyo hivyo bila kumpamba.

Nimeweka klipu ya kazi yangu Instagram, kundi moja likaichukua hatua kwa hatua. Nina haki yoyote? (Kinondoni)

Unayo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya 1999 inalinda na koriografia, na haki inaanza pale unapoitengeneza kazi. Hatua moja moja haina mwenyewe, hakuna anayemiliki kukata kiuno, ila mpangilio uliotunga ni wako. Shida ni ushahidi, kwa hiyo video nzima ya kazi yenye tarehe itunze, daftari la mazoezi litunze, na uende COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ukasajili. Mwaka 2011 mtunzi wa dansi Anne Teresa De Keersmaeker wa Ubelgiji aliweza kulalamika kuhusu video ya Beyoncé iliyochukua vipande vya kazi zake kwa sababu rekodi zilikuwepo, kila mtu aliziweka pembeni akalinganisha. Na mwaka huohuo Beyoncé alipowapenda vijana wa kundi la dansi la Tofo Tofo wa Msumbiji baada ya kuona video yao, aliwatafuta wakaletwa, wakafundisha wenyewe na kuonekana kwenye video. Hao waliokuchukulia waandikie kwanza kistaarabu, wape nafasi ya kukutaja na kukulipa.

Nimealikwa Ulaya kucheza solo yangu dakika 15, mara yangu ya kwanza. Nijiandae vipi? (Ilala)

Safi sana! Visa ndo ianze, leo. Ombi la Schengen, ile visa moja ya nchi nyingi za Ulaya, unaweza kulipeleka kuanzia miezi 6 kabla ya safari na mwisho siku 15 kabla, lakini usisubiri huko mwisho, miadi yenyewe inachelewa. Ada kwa mtu mzima ni euro 90, muulize aliyekualika nani analipa, na umuombe barua ya mwaliko inayosema wazi tarehe, malazi, malipo na nani anagharamia tiketi. Wapigie pia BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, mapema kuhusu kibali. Kwenye mkataba angalia kama wanakupa muda wa kufanya mazoezi kwenye jukwaa lenyewe na fundi taa, angalau nusu siku, kama haumo omba uingizwe, maana solo iliyozaliwa barazani kwenye mwanga wa jua ukiipeleka kwenye jukwaa jeusi bila kulizoea utapotea. Waandikie ukurasa mmoja tu wa mahitaji, sakafu ya aina gani, upana unaohitaji, sauti, na kama unamwaga maji au mchanga waambie sasa hivi.