Maswali ya Wasomaji: Kitabu Kipi kwa Nani?

Barua nyingi za mwezi huu zinaomba jambo moja: "Tutajieni vitabu vipya." Tumevitaja humo ndani, ila wengi waliotuandikia hawakukosa kitabu. Walikosea msomaji.

Mwanangu ana miaka saba, yuko darasa la pili. Nimemnunulia hadithi ya kurasa 90. Anaisoma kwa sauti bila kukwama, lakini wiki ya pili kaitupa. Tatizo ni mtoto au kitabu?
*Mama wa watoto wawili, Tanga*

Kitabu, mama. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto akishazishika silabi anaweza kukusomea chochote, hata katiba ya nchi, na asiambulie sentensi moja. Ndiyo maana kile kipimo cha vidole vitano kilichozoeleka kwa vitabu vya Kiingereza (kunja kidole kwa kila neno linalomshinda) kwetu hakisaidii. Hakuna neno litakalomshinda ulimi.

Fanya hivi. Asome ukurasa mmoja, funga kitabu, muulize maswali matatu: ni nani yuko pale, anataka nini, kimetokea nini. Akijibu mawili kwa maneno yake mwenyewe, kitabu kinamfaa. Akikurudishia sentensi za kitabu kama kasuku, au akikutazama tu, mtafutie chepesi zaidi.

Usihesabu maneno ya ukurasa, tazama urefu wa kila neno. "Hawakutusaidia" ni neno moja lenye silabi nane, na ndani yake mtoto lazima atambue kukanusha, waliokataa, wakati uliopita na waliokosa msaada. Maneno manne ya namna hiyo kwenye sentensi moja yanamchosha mtoto wa darasa la pili kuliko mistari mitano ya "Juma ana mbuzi". Kwa umri wake tafuta kurasa 16 hadi 24, sentensi moja hadi tatu kwa kila ukurasa, na picha inayobeba nusu ya habari.

Kile cha kurasa 90 usikigawe. Msomee wewe, sura moja kila usiku, kwa kuwa masikio ya mtoto hutangulia macho yake. Kwa kusomewa hivyo tunapendekeza *Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya mwaka 2015. Akifika darasa la nne au la tano mpe ajisomee *Marimba ya Majaliwa* ya Edwin Semzaba.

Nilinunua kitabu "kipya" nikakuta ni kilekile nilichosoma sekondari, jalada tu limebadilika. Nijikinge vipi?
*Msomaji, Morogoro*

Usisome jalada, fungua ukurasa wa haki za mwandishi, nyuma ya ukurasa wa jina. Tafuta mwaka wa zamani kuliko yote karibu na alama ya ©. Huo ndio umri wa maandishi. Neno "toleo" lingepaswa kumaanisha kwamba maandishi yameguswa, na "chapa" kwamba yamerudiwa tu kiwandani, lakini wachapishaji wetu huyachanganya, kwa hiyo uamini mwaka. Namba ya ISBN, yaani ya utambulisho wa kitabu, haikwambii upya wa kitabu bali kilikotoka: baada ya 978, tarakimu 9976 na 9987 ni za Tanzania, 9966 ni ya Kenya.

Tafsiri zina hesabu yake. *Peponi* ya Abdulrazak Gurnah ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994, ila kwa Kiswahili imetufikia 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupata Tuzo ya Nobel. Hicho tunakiita kipya bila haya.

Shule yetu ina chumba kidogo, rafu mbili na fedha za vitabu 40. Watakaosoma ni wanafunzi, vijana wa kijiji na wazee. Tugawe vipi?
*Mwalimu, Kasulu*

Anzieni hapa: 16 vya watoto wanaojifunza kusoma, 10 vya vijana, riwaya 6 za watu wazima, 3 vya mashairi, 3 vya kilimo, ufugaji na afya, na kamusi 2.

Hivyo 16 visiwe hadithi 16 tofauti. Chukueni hadithi 8, nakala mbilimbili. Watoto hupenda kusoma wawili wawili, na nakala iliyo peke yake hugombewa mpaka ichanike. Kwa watu wazima ni kinyume: nakala moja ya kila kitabu, ili atakayemaliza ahamie kingine.

Kwa riwaya, pamoja na *Peponi*, wekeni *Mungu Hakopeshwi* ya Zainab Alwi Baharoon na *Mmeza Fupa* ya Ali Hilal Ali, zote zilizoshinda Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell. *Vuta N'kuvute* ya Adam Shafi si mpya, lakini filamu yake ya 2021 imewafanya vijana waiulizie. Kwa mashairi chukueni *Mwanangu Rudi Nyumbani* ya Dotto Rangimoto. Mashairi msiyaache kwa kisingizio kwamba hayasomwi. Wazee ndio watakaoyaazima, na watayasoma kwa sauti.

Kabla ya kulipa, fungueni kila kitabu katikati na kukilaza wazi. Gundi ikilia kama kijiti kinachovunjika, au karatasi ikianza kuachia mgongoni, kirudisheni, hakitamaliza muhula. Herufi zilizovimba na mistari iliyoenda upande ni dalili ya nakala ya wizi, na mara nyingi ina kurasa zilizorukwa. Rafu ya chini iwe angalau sentimita 10 juu ya sakafu na isiguse ukuta, kwa sababu ya mchwa na unyevu.

Mkiletewa shehena ya vitabu vya kiada vya zamani kutoka ng'ambo, shukuruni, kisha mviweke juu kabisa, juu ya rafu zenyewe. Usawa wa macho ni wa vile 40.

Huku hatupati duka lenye vitabu vya Kiswahili vya watoto. Binti yangu ana miaka sita, anakisema lakini hajawahi kukisoma.
*Baba, Maskati*

Ingia tovuti ya African Storybook, chagua Kiswahili, pakua. Hadithi ni za bure, leseni yake inaruhusu kuchapa, na zimepangwa kwa ngazi tano. Anza na ya kwanza, japokuwa binti anaongea vizuri. Isome kwanza wewe: tafsiri nyingine ni za kujitolea na hazilingani ubora, na utakuta Kiswahili cha Kenya na cha Tanzania vimechanganyika, "rinda" huku, "gauni" kule. Hilo si kosa, mwambie tu ni nguo ileile.

Kwenye skrini mtoto hufungua kingine kabla hajamaliza cha kwanza, kwa hiyo ni bora kuchapa. Kurasa 16 zinataka karatasi nne za A4 zikikunjwa katikati. Kwenye mipangilio ya printa chagua kijitabu, pande mbili, igeuze kwa ukingo mfupi. Ukichagua ukingo mrefu, kila ukurasa wa nyuma utatoka kichwa chini, na hapo ndipo wengi hukata tamaa.

Stepla ya kawaida haifiki kwenye mkunjo, ulio karibu sentimita 15 kutoka ukingoni. Shona. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo: moja katikati, mengine sentimita 5 juu na chini yake. Ingiza sindano kwa ndani kupitia tundu la kati, ukiacha mkia wa uzi. Rudi ndani kwa tundu la juu, shuka hadi la chini utoke nje, kisha rudi ndani kwa la kati. Funga fundo na ule mkia, uzi mrefu wa ndani ukiwa katikati ya ncha mbili. Ukizidisha karatasi kumi, kijitabu kitafutuka na hakitalala.

Na wewe mwenyewe ujipatie *N'na Kwetu* ya Mohammed Khelef Ghassani. Jina lake dogo ni *Sauti ya Mgeni Ugenini*.

Kijana wangu wa miaka 16 hasomi chochote nje ya simu.
*Mzazi, Dodoma*

Mpe riwaya ya msisimko: *Mkimbizi* ya Hussein Tuwa. Usimuulize imemfunza nini.

Baba yangu ana miaka 72, alikuwa msomaji mkubwa. Sasa anasema vitabu vya siku hizi vina maandishi ya sisimizi.
*Bintiye, Mombasa*

Ana haki. Vitabu vingi huchapwa kwa herufi za pointi 10 hadi 12, naye huenda akahitaji 16 au zaidi. Kwanza apimwe macho; miwani ya miaka mitano iliyopita huenda haimfai tena. Kisha jaribu tableti, lakini angalia aina ya faili. Ile ya EPUB hupanga mistari upya unapokuza herufi. PDF hukuza ukurasa mzima, na mzee atalazimika kuusukuma kushoto na kulia kwa kila mstari. Ukisikia "tableti hii mbovu", tazama faili kabla ya kulaumu tableti.

Akitaka karatasi tu, mtafutie mashairi. Mistari yake ni mifupi, nafasi ni kubwa, na ukurasa mmoja unamtosha kwa kikao kimoja. Taa itoke nyuma ya bega lake, si mbele ya uso.