Kwa nini miaka ya 1950 ya Marekani haisahauliki

Ndugu, umeuliza kwa nini hata Wamarekani waliozaliwa baadaye wanaikumbuka miaka ya 1950 kana kwamba waliiishi. Kwa maoni yangu, chanzo kikubwa ni mkanda wa filamu uliotumika kurekodi televisheni. Vipindi vingi vya televisheni vya wakati ule vilirushwa moja kwa moja kutoka New York, vikapotea. Lakini I Love Lucy, kipindi cha vichekesho kilichoanza Oktoba 1951 kwenye mtandao wa televisheni wa CBS, kilirekodiwa Hollywood kwa kamera tatu za filamu ya milimita 35, mbele ya watazamaji waliokuwa wakicheka kweli. Picha zikabaki safi, zikarudiwa miaka nenda miaka rudi, na wajukuu wakakua na Lucille Ball, nyota wa kipindi hicho, yuleyule sebuleni. Nampenda sana mama yule!

Familia kukusanyika mbele ya televisheni moja, hilo si hadithi: mwaka 1950 ni nyumba kama 9 tu kati ya 100 zilizokuwa nayo, kufika 1960 karibu 90. Lakini maisha ya nyumba mpya yenye bustani, yanayokumbukwa pia kuhusu miaka ile, hayakuwa ya wote. Levittown ya New York, mtaa wa nyumba mpya ulioanza kujengwa 1947, uliwakatalia watu weusi.

Ukitaka kutazama I Love Lucy, anza na sehemu ya kiwanda cha chokoleti, ya 1952.