Usilazimishe majibu ya DNS yakae saa 24 kwenye seva ya simu

Ndugu, futa mstari wa cache-min-ttl: 86400 kabla hujawasha upya Unbound, programu inayohifadhi majibu ya DNS (mfumo unaogeuza majina ya intaneti kuwa anwani za IP); namba hiyo ni sekunde za saa 24. Umeuliza kama kache ya DNS, yaani hifadhi hiyo ya majibu, ndani ya seva ya Asterisk (programu inayoendesha simu za ofisi) itaondoa kukwama kwa simu za ofisini kwenu, lakini mstari huo ulioubandika mwishoni, eti majibu yakae siku nzima hata intaneti ikikatika, ndio ulionifanya niiache chai ipoe.

Kache inasaidia, hilo halina ubishi. Toleo lako la Asterisk bado linatumia chan_sip, moduli yake ya zamani ya simu za intaneti, ambayo ikiuliza jina la mtoa huduma husimama kusubiri jibu. Linux isipobadilishwa mipangilio husubiri sekunde 5 kwa kila seva ya DNS na kujaribu mara 2, na muda wote huo hata mtu wa mapokezi hawezi kumpigia mhasibu aliye nyuma ya ukuta. Jibu likiwa tayari kwenye 127.0.0.1, yaani ndani ya seva yenyewe, hupatikana papo hapo.

Sasa sikiliza yaliyonikuta. Mstari huohuo niliuweka katika ofisi ya safari za watalii Arusha, mwezi Julai, wakati ambao simu moja iliyopotea ni msafara mzima uliopotea. Niliunakili kutoka kwenye mwongozo wa fundi aliyetufungia mfumo, bwana aliyelipwa vizuri kuandika kwamba TTL (muda wa jibu kuhifadhiwa) ndefu ndiyo kasi, na ambaye siku ya kilio hakupokea simu (labda naye alikuwa ameweka kache). Mtoa huduma wetu alihamishia huduma kwenye anwani nyingine ya IP saa 6 usiku. Alitutaarifu wiki moja kabla, nami nikajiambia kwamba hainihusu, kwa kuwa sisi tunatumia jina wala si namba. TTL ya jina lile ilikuwa sekunde 300, kwa hiyo wateja wake wengine walihama ndani ya dakika 5, wakati seva yetu iliendelea kujisajili kwenye anwani ambayo haikuwa na mtu. Simu hazikutoka wala hazikuingia.

Kabla hamjanicheka, fahamuni kwamba nilifanya kila kitu isipokuwa kilichotakiwa. Nilibadilisha ruta, nikalegeza ukuta wa moto, nikaiwasha upya Asterisk mara nne, nikamfokea kijana wa huduma kwa wateja ambaye hadi leo namwonea haya. Nilipima hata DNS, ila niliipima kwenye laptop iliyounganishwa na simu yangu ya mkononi, ikanipa anwani mpya, nikaapa kwamba DNS ni nzima. Saa 11 jioni ndipo nilipoandika dig, amri ya kuiuliza DNS, ndani ya seva yenyewe, nikaiona anwani ya zamani, iliyohifadhiwa tangu saa 4 usiku, ikiwa bado na sekunde 18,000, yaani saa tano nyingine za kukaa kimya. Amri ya unbound-control flush, inayofuta jibu lililohifadhiwa, ilimaliza kazi kabla sijainua kidole.

Muda wa jibu kuishi huamuliwa na mwenye jina, kwa sababu ndiye anayejua lini atahama. Hofu yako ya intaneti kukatika ina dawa yake: weka serve-expired: yes, ili Unbound itoe jibu lililokwisha muda huku ikitafuta jipya. Laini ikiwa imekatika simu za nje hazitatoka hata ukikariri anwani zote za dunia, lakini za ndani hazitakwama. Na kwenye /etc/resolv.conf, faili linaloorodhesha seva za DNS za kuulizwa, iandike 127.0.0.1 ianze.

Ukimaliza, subiri dakika kumi, endesha dig mara mbili kwa jina la mtoa huduma wako, kisha ubandike hapa tuone kama TTL inashuka kuanzia namba aliyoiweka mwenye jina. Endesha ndani ya seva, si kwenye laptop.