Jibu: `jmp` yako imetoka mapema mno

Ssebo, unauliza kwa nini programu inayotolewa na kompaila yako inaanguka ukigeuza `call` (wito) ya mwisho ya funksheni kuwa `jmp` (kuruka tu, bila kurudi) pale pale kwenye hatua ya kuchagua maelekezo ya mashine. `jmp` yenyewe haina kosa, umeiwahisha tu. Hatua hiyo bado haijui fremu (nafasi ya funksheni kwenye steki, kumbukumbu ya muda ya miito) itakuwa na ukubwa gani wala ni rejista zipi (vihifadhi vidogo ndani ya prosesa) zitahifadhiwa. Baadaye hatua ya kufunga fremu inatafuta `ret` (elekezo la kurudi), haioni, nawe unaruka na steki ambayo haijarudishwa.

Fanya kama LLVM, mfumo wa kujengea kompaila: toa elekezo bandia (wao wanaliita TCRETURN) linalohesabiwa kuwa wito na marejeo kwa pamoja. Fremu ifungwe kabla yake, ndipo ligeuzwe `jmp`.

Ukiita funksheni kupitia kielekezi (kinachobeba anwani yake), angalia kimekaa wapi. Hilo lilinikesha hapa Ntinda: majaribio madogo yote yalipita, kumbe kwenye funksheni kubwa kielekezi kilikuwa ndani ya `rbx`, rejista ambayo funksheni lazima iirudishe kama ilivyoikuta. Ufungaji ukairudishia `rbx` thamani ya zamani, nasi tukaruka porini. Kibane kielekezi kwenye rejista isiyorudishwa na isiyobeba hoja (thamani anazopewa anayeitwa). Kwenye x86-64 (aina ya prosesa) ya Linux mimi hutumia `r11`.

Hoja za steki nazo: sita za kwanza za namba kamili huenda kwenye rejista, ya saba inashuka kwenye steki. Anayeitwa akihitaji nafasi kubwa kuliko uliyopewa wewe, acha `call` ya kawaida. Vivyo hivyo ukimpa anwani ya kigeu chako cha ndani, maana fremu yako itakuwa imeshafungwa.