Kijiji kizuri au kijijini kuzuri?

SWALI: Naandika hadithi fupi ya mtu anayerudi kwao baada ya miaka mingi na kukuta nyumba ya wazazi wake haina mtu. Nimeianza hivi: "Kijijini kwetu kulikuwa kuzuri. Nilipozaliwa palikuwa na mti mkubwa, mahali nzuri pa kupumzika." Mhariri ameigeuza sentensi ya kwanza ikawa "Kijiji chetu kilikuwa kizuri", akaandika pembeni kwamba ku- ni lugha ya mazungumzo. Ya pili ameizungushia duara bila maelezo. Sentensi yake naiona ni sahihi, lakini siyo niliyokusudia. Nimekosea wapi?

JIBU: Katika sentensi ya kwanza hujakosea popote. "Kijijini kwetu kulikuwa kuzuri" ni Kiswahili fasaha, kwa kuandika na kwa kusema. Jina likishapokea -ni huiacha ngeli yake na kuhamia ngeli ya mahali, na vyote vinavyolifuata huhama nalo: kijiji chetu kizuri, lakini kijijini kwetu kuzuri. Kosa lingekuwa kuweka mguu mmoja huku na mmoja kule, kama "kijijini kwetu ni kizuri", na hilo nalikuta mara nyingi hata katika maandishi ya watu makini.

Sarufi ikishatuachia nafasi ya kuchagua, linabaki swali la maana, na hapo ndipo ulipoumia bila kujua sababu. Sentensi ya mhariri na ya kwako hazisemi jambo moja. Kijiji kizuri ni kitu kinachotazamwa. Mgeni anaweza kukisifu akiwa amesimama juu ya kilima: nyumba zimepangika, njia safi, miti imestawi. Kijijini kuzuri ni habari ya maisha ya huko, nayo huisema aliyewahi kuyaishi. Huenda nyumba zenyewe zilikuwa zinavuja.

Chukua jozi ambayo kila mtu anaitumia. Ukisema "nyumba yao haikaliki", nitafikiri paa limeoza au kuta zina nyufa. Ukisema "nyumbani kwao hakukaliki", sitauliza habari za paa. Nitajua kuna ugomvi, au kuna mtu mmoja amewakosesha wenzake amani. Herufi mbili tu, -ni, zimetutoa kwenye jengo na kutuingiza katika maisha ya watu. Ndiyo maana nyumba nzuri inaweza kuuzwa, lakini nyumbani hakuuzwi.

Naipenda -ni hii kwa sababu inakifanya kitu kuwa mahali kwa kile kinachotokea hapo. Pwani imetokana na kupwa: ni pale maji yanapopwa. Kaskazini ni kule unakotoka upepo wa kaskazi, kusini ni kule unakotoka upepo wa kusi. Pande hizo zimepewa majina ya pepo ambazo mabaharia walizingojea ili waondoke au warudi makwao.

Tena usiishie kwenye ku-. Mahali pana milango mitatu, pa-, ku- na mu-, na mwandishi anayeitumia yote ana kalamu pana kuliko mwenziwe. Kisimani pana chura: yuko ukingoni, pengine karibu na ndoo yako. Kisimani mna chura: yumo ndani, na maji hayo utafikiri mara mbili kabla ya kuyanywa. Kisimani kuna chura: umeambiwa tu, nawe hujafika. Vivyo hivyo, chumba kinanukia ikiwa chenyewe kimetiwa manukato. Chumbani kunanukia, nawe bado uko ukumbini harufu ikikufuata. Chumbani mnanukia, na sasa umeshavuka kizingiti, harufu imekuzunguka. Msomaji umemwingiza ndani bila kuandika kwamba "aliingia".

Katika usemi wa kila siku ku- imezimeza nyingi za pa- na mu-, nami siwalaumu wasemaji. Mu- ina tatizo lake la haki: "nyumbani mlikuwa na giza" inaweza kudhaniwa kwamba ninyi ndio mliokuwa na giza. Penye utata wa namna hiyo tumia ku- au geuza sentensi. Lakini usiitupe mu- kabisa, maana mambo ya ndani ya mtu bado yanaihitaji. Moyoni mwangu, nafsini mwake, mawazoni mwao. Kisha machoni pa watu, kwa sababu machoni ni juu juu, ndipo sura inapokomea. Mwandishi akiniandikia "moyoni kwangu" namwelewa, ila nahisi amesimama nje ya moyo wake mwenyewe.

Sasa neno "kwetu", ambalo mhariri alilichukulia kama kimilikishi cha kawaida. Muulize mtu anayeishi peke yake anakokwenda jioni, atajibu "nakwenda kwangu". Muulize alikotoka, atajibu "kwetu ni mbali", ingawa yuko mmoja mbele yako. Nasi humwuliza mtu mmoja "kwenu ni wapi?", si "kwako ni wapi?". Kwangu ni ninapoishi, kwetu ni ninakotoka, na asili hiyo haina mwenye kuimiliki peke yake. "Kijiji chetu" haibebi uzito wote huo. Kinaweza kuwa chetu kwa kuwa tumehamia mwaka jana.

Wahenga walikwenda mbali zaidi, wakaacha hata kutaja jina la mahali: pabaya pako si pema pa mwenzako. Hamna nyumba, kijiji wala shamba katika methali hiyo. Kuna pa- peke yake, mara nne, na kila msikilizaji hupajaza pake. Angalia pia kwamba walichagua pema, si pazuri. Uzuri huonekana na kupendeza. Wema humfaa mtu na kumtuliza. Ndiyo maana marehemu tunamwombea alazwe mahali pema peponi, na sijapata kusikia mtu akimwombea mahali pazuri. Unapoeleza mahali penye maana kwa mhusika wako, jiulize kama kweli ni pazuri au ni pema, kwa sababu mara nyingi ni la pili.

Nije kwenye duara la mhariri. Hapo ana haki, na sababu ni mbili. "Mahali nzuri" ni kosa. Neno mahali lina asili ya Kiarabu, lakini Kiswahili kimelipa pa-: mahali pazuri, mahali hapa, mahali ambapo. Wewe mwenyewe umeandika "pa kupumzika" baada yake, kwa hiyo sikio lako linajua. Wanaosema "sehemu nzuri" hawakosei, kwa kuwa sehemu ina ngeli yake, na nadhani huko ndiko "mahali nzuri" ilikoambukizwa. Sababu ya pili ni "nilipozaliwa". Hiyo -po- ni ya mahali na pia ni ya wakati, hivyo msomaji ataelewa kwamba siku uliyozaliwa mti ulikuwepo. Ongeza "pale" mbele yake na utata utapungua sana: pale nilipozaliwa palikuwa na mti mkubwa. Ukitaka eneo zima badala ya nukta moja, andika "nilikozaliwa", na hapo wakati hauna pa kujipenyeza.

Majina halisi ya miji hayapokei -ni, lakini uchaguzi wako uko palepale. "Lamu imebadilika" nitaielewa kuwa mji wenyewe, majengo na ukubwa wake. "Lamu kumebadilika" ni neno la mtu aliyerudi akakuta mambo siyo yale.

Kwa hadithi yako, mwombe mhariri akurudishie "Kijijini kwetu kulikuwa kuzuri" pale mwanzoni. Ile yake usiitupe. Itunze hadi mhusika wako afike na kukuta mlango umefungwa, kisha umpe macho ya mgeni: kijiji chetu kilikuwa kizuri, nyumba ilikuwa nzuri bado, lakini nyumbani hakukuwa na mtu. Hutahitaji kumwambia msomaji kwamba mtu huyo amehuzunika.