Barua kwa mwanangu: pitisha mkono kifuani

Mwanangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Ujumbe wako wa juzi usiku nimeusoma na kuurudia. Umeandika: "Mama, mjomba anasema daktari kamwambia ana saratani ya titi. Kweli mwanamume anapata hiyo? Na kama ni kweli, mimi nijiangalieje?" Mambo haya kwa simu yasingeenea, ndiyo maana nimekaa kukuandikia. Nataka pia uyasome tena mjomba wako akishafika hapo kwako, na mdogo wako umpe ayasome.

Ndiyo, anapata. Kila mwanamume ana titi. Watoto wa kiume na wa kike huzaliwa na vijifereji vilevile nyuma ya chuchu. Msichana akivunja ungo homoni humkuzia, mvulana hubaki na kile kidogo alichozaliwa nacho, na humohumo kwenye hicho kidogo ndimo saratani inapoanzia. Katika kila wagonjwa 100 wa saratani ya titi, karibu mmoja ni mwanamume, na wengi wao wameshavuka miaka 60, kama mjomba wako. Ni wachache, wala sitaki uanze kukosa usingizi. Lakini nimekaa wodi ya upasuaji mpaka nimestaafu, na hao wachache niliowauguza karibu wote walikuja jahazi limeshaenda mrama.

Na hilo ndilo linaloniuma, maana wanaume ndio wangepaswa kuwahi. Kifua chenu ni bapa. Mwanamke mwenye matiti makubwa anaweza kukaa na uvimbe ndani kwa muda mrefu na mkono usiufikie. Wewe nyama yako ni nyembamba, chini yake kuna msuli na mbavu, kwa hiyo kinundu cha sentimita moja unakigusa tu ukijipaka sabuni. Ila wembamba huohuo una hatari yake: ngozi ipo karibu kwa mbele na msuli upo karibu kwa nyuma, na uvimbe ukikua kidogo tu unashika kimojawapo. Ugonjwa unaogundulika kwa kidole, kisha mtu anatuletea umeshatoboa ngozi! Nimeliona hilo mara nyingi na sijalizoea.

Kuna mzee mmoja mvuvi simsahau. Alikuja na fulana mbili, moja juu ya nyingine, na ndani ameweka pamba, ameibandika kwa plasta pande zote nne. Nilipoilowesha maji ya chumvi ili ibanduke bila kumuumiza, akageuza uso akatazama ukuta. Chuchu ilikuwa imezama ndani, pembeni yake kidonda, na kwapani mtoki mgumu usiosogea. Akasema alichomwa na msumari wa mtumbwi. Mkewe aliyekuwa amesimama mlangoni akasema polepole kwamba madoa kwenye fulana anayafua tangu kusi ya mwaka juzi, naye kila akimuuliza anajibiwa ni kutu. Watu wawili, nyumba moja, wote wanaliona doa, na hakuna anayelisema.

Mzee yule alikuwa akishinda kifua wazi ufukweni, mchana kutwa, mbele za watu. Wabeba mizigo pale sokoni nao ni hivyohivyo. Hata dini haijamfungia mwanamume njia hapa: uchi wake ni baina ya kitovu na magoti, kifua hakimo. Sasa kifua kilichoonwa na mji mzima kinashindwaje kuonwa na daktari? Aibu yenyewe haipo kwenye kifua. Wanaogopa kuambiwa wana ugonjwa wa kike, kwamba uanaume wao una walakini. Wapo pia wanaodhani wametupiwa kitu, wakaanza kuzunguka kwa waganga. Dua sizikatai, mimi mwenyewe namsomea mjomba wako Yasini. Lakini uvimbe hausubiri mtu amalize kuzunguka.

Usidhani wenye mali na elimu wamesalimika. Mathew Knowles, baba yake Beyoncé, yule mwimbaji wa Marekani, aliona kitone cha damu kwenye fulana yake nyeupe. Kesho yake kikarudi palepale. Hakukaa kimya, alikwenda hospitali, na mwaka 2019 akasimama hadharani akaeleza kwamba ni saratani ya titi na kwamba ameshafanyiwa upasuaji. Ugonjwa ulikutwa bado uko hatua ya kwanza. Alipopimwa vinasaba akakutwa na hitilafu ya kurithi kwenye kinasaba kiitwacho BRCA2, akawaita wanawe akawaeleza, kwa sababu jambo hilo linawahusu na wao. Kabla yake alikuwapo Richard Roundtree, mwigizaji wa huko huko Marekani, aliyegunduliwa mwaka 1993. Huyu alikaa kimya kwanza, baadaye akawa anawasemesha wanaume wenzake. Alifariki mwaka 2023, miaka 30 baada ya kugunduliwa, akiwa na miaka 81. Mwambie mjomba wako habari ya huyo wa pili, itamfaa.

Sasa namna ya kujikagua. Fanya wakati wa kuoga, ngozi ikiwa na sabuni, mkono uteleze. Nyanyua mkono wa kushoto uweke kisogoni, halafu kwa vidole vitatu vya kati vya mkono wa kulia, vikiwa vimelala, zungusha taratibu kifua cha kushoto. Anza chini ya mtulinga, shuka mpaka mbavu za chini ya titi, toka mfupa wa katikati ya kifua mpaka kwapani. Kila mahali bonyeza kidogo, halafu zaidi, halafu mpaka uhisi ubavu. Nyuma ya chuchu usipite haraka, maana kwa wanaume hapo ndipo uvimbe unapopendelea kukaa. Kwapani ingiza vidole mpaka juu, mkono ukiwa umeushusha kidogo ili msuli ulegee. Kisha upande wa pili. Ukitoka bafuni simama mbele ya kioo na mwanga wa kutosha, utazame kama chuchu moja imeanza kuvutwa ndani au kugeuka upande, kama ngozi imebonyea au imekuwa na vitundu kama ganda la chungwa, kama kuna ukurutu au kidonda kwenye chuchu kisichopona. Chuchu ikitoa majimaji, hasa yenye damu, usisubiri mwezi mwingine. Mara moja kwa mwezi inatosha. Kazi yake ni ukijue kifua chako kilivyo siku zote, ili kikibadilika ujue.

Kinundu kibaya mara nyingi hakiumi. Watu wengi hudanganyika hapo, wanasema mbona hakiniumi. Aghalabu ni kigumu, kingo zake hazieleweki, kipo kifua cha upande mmoja, na hata kikiwa nyuma ya chuchu mara nyingi huegemea pembeni kidogo, hakikai katikati kabisa.

Na si kila kitu unachokigusa ni saratani. Kumbuka ulipokuwa kidato cha kwanza, ulikataa kucheza mpira kwa sababu chuchu zilikuwa zinakuuma na umeota mabonge, ukaja kuniambia usiku wenzako wamelala. Nilikwambia ni kubalehe na yataondoka, na yaliondoka. Wavulana wengi sana hupitia hilo. Hata mtu mzima anaweza kuota matiti kwa unene, kwa ini kuharibika, au kwa dawa: efavirenzi, dawa ya virusi vya UKIMWI ambayo watu wetu waliitumia sana kabla ya ile mpya ya dolutegraviri kuja, iliwaotesha baadhi ya wanaume, na spironolaktoni wanayopewa wagonjwa wa moyo na wa ini inaweza kufanya hivyohivyo. Mabonge hayo huwa na unyumbufu, hukaa katikati nyuma ya chuchu, mara nyingi pande zote mbili, na huuma yakiguswa. Lakini mwanangu, kutofautisha ni kazi ya hospitali, si yako. Yako ni kugusa na kwenda. Huko utapigwa ultrasaundi, pengine na picha ya mammografia (mwanamume naye anapigwa, kifua hubanwa vilevile), na penye mashaka watachukua kinyama kwa sindano wakakipime. Bila kinyama hakuna anayeweza kukuhakikishia.

Nalisisitiza hili kwa sababu ya yaliyompata mjomba wako. Zahanati ya kwanza aliyokwenda walimwambia ni jipu, wakampa antibayotiki, zikaisha, wakampa nyingine, bila hata kumwambia avue shati. Wahudumu wa afya nao wamezoea kuwa titi ni la mwanamke. Kila Oktoba tulikuwa tunafanya kampeni ya kupima matiti, wanawake wanajaa foleni na vitambaa vya waridi, na waume zao waliowaleta kwa pikipiki wanakaa chini ya mwarobaini wakisubiri. Nilikuwa nawafuata hukohuko nawaita waingie na wao. Wengi walicheka, wachache waliingia. Naamini ingefaa kila kampeni iwe na chumba cha wanaume, na muuguzi wa kiume ndani yake. Basi wewe ukienda ukaambiwa ni jipu na halijapona kwa dawa, dai rufaa. Usiondoke pale mpaka upewe.

Sasa nikwambie la kwetu sisi. Mama yako mkubwa alifariki kwa saratani ya titi ukiwa darasa la tatu, naye hakuwa amefika miaka 45. Tulikwambia ni maradhi ya kifua kwa sababu ulikuwa mtoto. Leo kaka yetu ameipata. Dada na kaka wa tumbo moja, tena kaka mwenyewe mwanamume, hilo linatosha daktari kuuliza kama kuna hitilafu ya kurithi. BRCA2 ndiyo inayotajwa zaidi kwa wanaume: katika wanaume 100 walioirithi, karibu 7 hupata saratani ya titi, na huwaongezea pia hatari ya saratani ya tezi dume. Mzazi mwenye nayo, awe baba au mama, kila mtoto wake ana nusu kwa nusu ya kuirithi. Maana yake inaweza kuwa imepita kwangu ikaja kwako, na kutoka kwako ikaenda kwa binti zako, bila wewe kuumwa hata siku moja. Watu wengi wanahesabu ukoo wa mama tu inapotajwa saratani ya titi. Binti akiulizwa hospitali, ataje na upande wa baba.

Kipimo cha vinasaba si kila hospitali inacho na bei yake si ndogo, kwa hiyo aanze mjomba wako kwa kuwa yeye ndiye mgonjwa. Akikutwa nayo, nitafuata mimi, halafu nyinyi. Wakati tunasubiri hilo, jichukulie kuwa uko kwenye kundi linaloangaliwa. Miongozo ya Marekani inawataka wanaume wenye hitilafu hiyo waanze kujikagua, na kukaguliwa na daktari kila mwaka, wakifika miaka 35. Wewe umeshaivuka. Mimi mwenyewe nimeshapanga kwenda kupigwa picha wiki ijayo.

Kuhusu matibabu: wamempa rufaa ya Taasisi ya Saratani Ocean Road. Kwa kawaida mwanamume huondolewa titi lote, na tezi za kwapani hupimwa kuona kama ugonjwa umefika. Baadaye inategemea, wengine hupigwa mionzi, wengine huwekewa dawa za mishipani. Saratani nyingi za wanaume hulishwa na homoni, kwa hiyo huenda akapewa vidonge vya tamoksifeni, anavimeza kila siku kwa miaka 5 au zaidi. Hapo ndipo nitakapokutegemea. Vidonge hivyo humfanya mtu ahisi joto la ghafla, achoke, wengine hamu ya tendo la ndoa hupungua, na mwanamume akiona hivyo anaviacha kimyakimya. Kwangu mimi mwanamke hatasema. Kwako atasema, ukimuuliza mkiwa wawili. Akikwambia, msirudi nyumbani kuvitupa, rudini kwa daktari amsaidie. Na mguu ukimvimba upande mmoja au akikosa pumzi ghafla, mkimbize hospitali saa hiyohiyo, kwa sababu dawa hiyo inaweza kugandisha damu.

Kliniki atajikuta amezungukwa na akina mama. Wanaweza hata kumuuliza amemsindikiza nani. Kaa naye kwenye benchi, usimwache akasubirie nje getini. Akiitwa jina, inuka naye.

Tunakuja Jumapili kwa basi la asubuhi. Mwambie mkeo asisumbuke na kitanda, mjomba wako analala chini vizuri tu kwa ajili ya mgongo wake. Majibu ya kinyama nimeyaweka kwenye bahasha ya kaki pamoja na barua ya rufaa, na kadi ya bima nimeitoa kopi mbili. Wewe ulizia mapema siku za kliniki ya wagonjwa wapya, tusije tukapoteza wiki. Na kabla hatujafika uwe umeshajikagua na mdogo wako ameshajikagua, mnieleze mlichokuta, hata kama hamkukuta kitu.

Mama yako