Pumba za mpunga na silikoni: mwenye kinu aanzie wapi?

SWALI: Mhandisi, habari za kazi. Nina mashine ya kukoboa mpunga hapa Bugiri. Pumba zimekuwa mlima nyuma ya kinu, na kila msimu tunazitia moto ziishe. Kijana mmoja ameniambia ndani yake mna silikoni ya kutengenezea betri za simu. Ni kweli? Ninunue mashine gani?

JIBU: Kijana huyo hakukudanganya, ila ameruka hatua nyingi. Kilichomo ndani ya pumba ni silika, yaani silikoni iliyoshikamana na oksijeni. Mpunga huinywa pamoja na maji ya shamba, ikapanda hadi kwenye ganda la punje na kuganda pale, ikawa kinga dhidi ya wadudu na magonjwa. Ndiyo hiyo inayofanya pumba zikwaruze ngozi na kula vyuma vya mashine yako.

Tupige hesabu. Tani 1 ya mpunga hutoa takribani kilo 200 za pumba. Zikiungua vizuri hubaki kama kilo 40 za majivu, na zaidi ya asilimia 85 ya majivu hayo ni silika. Hiyo ndiyo mali yako. Lakini thamani yake inategemea jambo moja kuliko mengine yote: ule moto unaouwasha nyuma ya kinu.

Pumba zikiungua polepole, kati ya nyuzi 500 na 700 za Selsiasi, zikipata hewa ya kutosha, silika hubaki laini, yenye vitundu vingi na wepesi wa kuungana na vitu vingine. Joto likipita nyuzi 800 kwa muda mrefu, huanza kugeuka fuwele ngumu isiyotaka kuungana na kitu, na vumbi lake ni hatari kubwa zaidi kwa mapafu. Katika rundo kubwa yote mawili hutokea pamoja: katikati joto linapindukia, pembeni kunabaki makaa meusi. Potasiamu iliyomo kwenye pumba nayo huiyeyusha silika kidogo ikafungia makaa ndani, na makaa hayo hayaungui tena hata ukichoma siku nzima. Kuloweka pumba na kuzisuuza kwa maji kabla ya kuzichoma hupunguza potasiamu. Asidi ya limau iliyozimuliwa huiondoa vizuri zaidi.

Kwa hiyo usinunue mashine yoyote kwanza. Jenga tanuri dogo la matofali lenye matundu ya hewa pande zote na bomba la wavu katikati, kisha nunua kipimajoto cha waya kinachostahimili nyuzi 1000. Pumba zikishika moto hazihitaji kuni. Majivu ya kijivu hafifu yanatia moyo. Meusi yana makaa. Yenye wekundu wa waridi huashiria joto lililozidi. Rangi pekee haitoshi. Chukua majivu kidogo uyachemshe katika maji yenye kostiki soda, ile ya watengeneza sabuni. Silika njema huyeyuka kwa sehemu kubwa, ile ya fuwele hubaki chini. Tumia chombo cha chuma cha pua, kamwe usitumie sufuria ya alumini, kwa maana kostiki huila na kutoa gesi ya hidrojeni inayolipuka. Vaa glavu na miwani.

Soko la karibu nawe ni ujenzi. Majivu mazuri yakisagwa laini sana yanaweza kushika nafasi ya asilimia 10 hadi 15 ya saruji katika zege. Yanaungana na chokaa inayotolewa na saruji, na zege hupungua kupenyeza maji. Hunywa maji mengi wakati wa kuchanganya, kwa hiyo fundi asiyapime kwa kukisia. Tengeneza vipande vya majaribio na uvipeleke maabara ya ujenzi vipimwe nguvu siku ya 7 na ya 28, kabla hujamuuzia mtu hata gunia moja.

Hatua ya pili ni yale maji ya kostiki yaliyoyeyusha silika. Hayo ni sodiamu silikati, na hutumika katika sabuni na gundi za maboksi. Ukiyatilia asidi taratibu, silika safi hujitenga kama uji mzito. Ukiosha na kukausha unapata unga unaotumika kwenye mipira ya magari na vikaushio, yaani vitu vya kunyonya unyevu. Hapa utahitaji mkemia.

Silikoni yenyewe iko mbali zaidi. Njia inayopendwa na watafiti ni kupasha silika pamoja na unga wa magnesiamu kwenye nyuzi kama 650 bila hewa, kisha kuosha kwa asidi. Kila kilo 1 ya silika inataka kilo 0.8 za magnesiamu, na hata isipopotea chembe hupati zaidi ya kilo 0.47 za silikoni. Magnesiamu ni ghali na huwaka kwa ukali. Ni kweli silikoni hiyo hubeba chaji karibu mara kumi ya grafiti, ile kaboni ya betri za kawaida, lakini huvimba hadi karibu mara nne ya ujazo wake inapochajiwa, na kuituliza ni kazi ya maabara. Usiweke mtaji wa kinu chako hapo.

Vijana watakaozoa majivu wavae barakoa za vumbi zinazobana uso, si kitambaa, na majivu yanyunyiziwe maji kabla ya koleo kuguswa. Nitumie vipimo vya joto vya tanuri lako la kwanza, na rangi ya majivu ya katikati na ya pembeni, tuone pa kurekebisha.